Picha zinazosogea katika kufundishia hisabati

Umeuliza iwapo picha zinazosogea humsaidia kweli mwanafunzi kuelewa hisabati, au humfurahisha tu. Kwa maoni yangu zinasaidia sana, hasa pale dhana yenyewe inapohusu mabadiliko. Chukua eneo la duara: duara hukatwa vipande vyembamba, vipande hivyo hupangwa kwa kupishana, ncha moja juu na nyingine chini, na kadiri vinavyozidi kuwa vingi ndivyo umbo linavyokaribia mstatili wenye urefu wa nusu ya mzingo na upana wa nusu kipenyo. Hapo mwanafunzi huona kanuni ya πr² inatoka wapi, jambo ambalo wengi wetu tulilikariri tu. Vivyo hivyo, nukta ikizunguka kwenye duara huku kimo chake kikichorwa kando, wimbi la saini (sine ya trigonometria) hujitokeza mbele ya macho.

Hata hivyo, isimamishe video kabla ya kila hatua, ukadirie kitakachofuata, kisha ukikokotoe kwa kalamu, kwani kutazama pekee humfanya mtu adhani ameelewa. Ukitaka kutengeneza zako mwenyewe, Manim, programu ya lugha ya kompyuta ya Python iliyoanzishwa na Grant Sanderson wa 3Blue1Brown, chaneli ya YouTube ya hisabati, inapatikana bure.