Geuza Jani Kabla ya Kuongeza Mbolea

Katika mwaka wangu wa pili wa kulima nyanya kwa njia ya kilimo hai ndani ya kitalu nyumba hapa Uyole, Mbeya, nilipoteza karibu theluthi ya mimea yangu kwa kosa ambalo hadi leo naliona kwa wakulima wengi wanaoanza. Nilidhani mimea ina njaa nikailisha, kumbe ilikuwa inanyonywa, na chakula nilichoongeza kikawanufaisha wanyonyaji.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao Mbeya huwa kavu na yenye joto kuliko miezi mingi ya mwaka, na chini ya nailoni joto la mchana huwa kali zaidi. Majani ya chini yalianza kufifia, yakapoteza kijani chake na kuelekea umanjano. Nilikuwa najua kwamba naitrojeni inapopungua mmea huihamisha kutoka kwenye majani yaliyokomaa na kuipeleka kwenye machanga, ndiyo maana umanjano wa njaa hiyo huanzia chini. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, na ndiyo yaliyonipotosha, kwa sababu niliyashika kabla ya kulitazama jani lenyewe kwa makini. Nikaloweka samadi ya kuku kwenye pipa, nikamwagilia maji yake mara mbili kwa wiki. Majani ya juu yakawa mapana, laini, ya kijani kilichokolea, nami nikaamini nimepata dawa.

Baada ya wiki mbili hivi, mama mmoja jirani aliyelima pareto Umalila kwa miaka mingi alipita kunisalimia. Nilipomwamkia aliitikia, akainama kwenye mstari wa kwanza na kuniuliza, "Mwanangu, hili jani umewahi kuligeuza?" Sikuwa nimewahi. Akaomba karatasi nyeupe, nikachana moja kwenye daftari la kumbukumbu, akaiweka chini ya jani na kuligonga jani kwa kidole mara tatu. Vikaanguka vijivumbi kama vya pilipili iliyosagwa. Tukasubiri kidogo, na vijivumbi vile vikaanza kutembea. Alipovipitishia kidole, karatasi ikabaki na mstari wenye rangi ya kutu. Ulikuwa utitiri, na upande wa chini wa jani tayari ulikuwa na utando mwembamba kama wa buibui.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutofautisha aina za umanjano, na naomba msomaji azingatie hapa, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Njaa ya naitrojeni hufifisha jani lote kwa usawa, mishipa pamoja na nafasi zilizo kati yake. Upungufu wa magnesiamu nao huanzia majani ya chini, lakini mishipa hubaki kijani huku nafasi za kati zikiwa njano. Madini ya chuma yakikosekana, dalili hufanana na hiyo, ila huanza kwenye majani machanga ya juu, kwa sababu madini hayo hayahamishiki kirahisi ndani ya mmea. Utitiri haufanyi lolote kati ya hayo. Huacha vidoa vidogo sana vilivyotawanyika, kana kwamba mtu amelidunga jani kwa ncha ya sindano mara mia moja, kwa kuwa kila kidoa ni mahali ambapo mdudu amefyonza.

Samadi iliharibu mambo zaidi kwa sababu jani lililoshiba naitrojeni kupita kiasi huwa laini na lenye utomvu mwingi wa lishe, na utitiri unaofyonza jani la namna hiyo hutaga mayai mengi zaidi. Vidukari, ambavyo wengine huviita wadudu mafuta, nao hufuata majani ya aina hiyo. Kwa hiyo ninapoona vidukari vimejaa kwenye ncha za mimea, siku hizi najiuliza kwanza nimemwaga nini kwenye udongo mwezi uliopita.

Tiba niliyoifuata ilianza na maji matupu. Nilipuliza upande wa chini wa majani kwa nguvu asubuhi, nikalowesha njia kati ya matuta, kwa kuwa utitiri hustawi penye ukavu na hudhoofika penye unyevu. Kisha nikatumia sabuni ya mche iliyokwanguliwa, gramu 10 hivi kwa lita 1 ya maji, baada ya kuijaribu kwenye mmea mmoja na kungoja siku mbili kuona kama inaunguza. Sabuni huua mdudu anayeguswa nayo tu, na haiuwi mayai, hivyo kupuliza mara moja hakuna maana. Nilirudia kila baada ya siku 4 au 5, mara tatu mfululizo, jioni jua likiwa limepoa, ili waliokuwa wakianguliwa wakutwe kabla hawajataga.

Mafuta ya mwarobaini nayo husaidia, ingawa mti wenyewe hauipendi baridi yetu na mbegu zake hutoka mikoa yenye joto. Kuhusu pareto, ambayo ni fahari ya nyanda hizi, natoa tahadhari: dawa yake ni ya asili na huvunjika upesi kwenye mwanga, lakini haichagui, na humuua pia yule mdudu wa duara mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari. Mimi huiweka kama hatua ya mwisho, na sijaona ikiumaliza utitiri.

Tatizo la pili la kwetu huja na baridi. Miche niliyoipanda mwanzoni mwa Juni ilidumaa, na upande wa chini wa majani pamoja na shina vikawa na rangi ya zambarau. Hiyo ni dalili ya upungufu wa fosforasi, na wengi hukimbilia kuongeza mbolea. Lakini udongo ukiwa baridi mizizi hushindwa kuichukua fosforasi hata kama imo tele. Niliinua matuta, nikayafunika kwa nailoni nyeusi, na nikaacha kumwagilia jioni kwa maji ya bomba ambayo hapa huwa kama ya barafu. Nilijaza mapipa, nikayaacha ndani ya kitalu yapate joto, kisha nikamwagilia saa nne asubuhi. Majani mapya yalitoka kijani bila kuongeza hata kiganja cha mbolea.

Zambarau ikiendelea hadi wakati wa joto, hapo ndipo pa kupima udongo. Sehemu kubwa ya udongo wa nyanda za juu kusini una tindikali, na tindikali huifunga fosforasi. Kwa bahati njema, tindikali hiyohiyo ndiyo inayoyeyusha unga wa mwamba wa fosfati kutoka Minjingu, mkoani Manyara. Mkulima wa kilimo hai anunue unga wa mwamba pekee, asome mfuko vizuri, kwa maana ipo pia mbolea iliyochanganywa na urea, nayo hairuhusiwi kwetu.

Kuoza kitako sitakieleza kwa urefu. Tunda hukosa kalsiamu, lakini mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo na kinachokosekana ni maji ya mfululizo, kwa kuwa husafiri na maji. Aliyezoea kukausha siku tatu kisha kugharikisha ataendelea kuokota nyanya zenye kitako cheusi hata akimwaga maganda ya mayai gunia zima. Majivu yana kalsiamu na potasiamu, lakini konzi moja kwa shimo inatosha, tena yachanganywe na mboji wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye funza wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aliingia nchini mwaka 2014, naye hudhibitiwa mlangoni. Weka milango miwili inayofuatana, usifungue wa pili kabla ya kufunga wa kwanza, na kila jani lenye njia za funza liondolewe siku hiyohiyo. Lisitupwe nje ya kitalu. Mimi huyafunga majani hayo kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani kwa wiki nzima.

Kati ya msimu na msimu mimi hung'oa kila kitu na kukagua mizizi. Yenye vifundo kama punje za mtama huonyesha minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, na hapo hupanda bangi mwitu, lile gugu letu lenye harufu kali ambalo halihusiani na bangi, likae miezi mitatu kabla ya kulichimbia ndani ya tuta. Nyanya hazirudi kwenye tuta hilo hadi msimu unaofuata. Kwanza hupita vitunguu.