Kwanza mwanafunzi apewe kitu cha kusoma

Swali la wiki hii lilikuwa kama kazi ya kumfundisha mwanafunzi wa sekondari kusoma kwa ufahamu ni ya mwalimu wa lugha peke yake, au mwalimu wa sayansi naye anahusika. Mimi nafundisha biolojia katika shule ya kata, na jibu langu la haraka ni kwamba anahusika, tena sana. Hata hivyo, kabla ya kugawana kazi hiyo, tungejiuliza mwanafunzi wetu anasoma nini katika masomo ya sayansi. Kila aliyepita katika shule zetu anaujua utaratibu: kiranja mwenye mwandiko mzuri hukabidhiwa daftari la mwalimu, huujaza ubao, wenzake hunakili, na mtihani ukikaribia wote hukariri walichonakili. Mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amejaza madaftari ya biolojia bila kusoma hata aya moja kwa nia ya kuielewa.

Niliona njia nyingine nilipokuwa kidato cha pili mkoani Tanga, siku mwalimu wetu wa biolojia alipofundisha jaribio la kuchunguza wanga katika jani. Hakuandika chochote ubaoni. Alitugawa katika makundi, kila kundi kitabu kimoja, akataka tueleze sababu ya kila hatua kabla ya kugusa kifaa chochote. Hatua zenyewe tulizijua kwa kichwa: jani huchemshwa katika maji, kisha katika spiriti, halafu huchovywa katika maji ya uvuguvugu ili lilainike, na mwisho hudondoshewa iodini. Ndipo akauliza kwa nini kitabu kinataka moto uzimwe kabla neli yenye spiriti haijatiwa ndani ya bika la maji ya moto. Mmoja wetu alijibu kuwa kitabu ndivyo kinavyosema. Mwalimu akamwambia asome tena, safari hii aanzie juu zaidi. Tukasoma kimya, tukasoma kwa sauti, tukabishana kwa Kiswahili juu ya sentensi za Kiingereza, naye hakutukataza. Hatimaye msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa akinyoosha mkono, aliunganisha sentensi mbili zilizokuwa mbalimbali katika ukurasa ule: moja ilisema spiriti hushika moto upesi, na nyingine, karibu na mwisho, ilisema huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, chini ya kiwango cha maji. Kumbe maji yaliyokwisha kuchemka yanatosha kuichemsha, na mwali ukiachwa hauna kazi nyingine ila kuleta ajali. Vipindi viwili vyote, dakika 80, viliishia hapo. Jaribio tulilifanya wiki iliyofuata; klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, ikahamia kwenye spiriti, jani likapauka, na iodini ikaligeuza kuwa bluu iliyokaribia weusi, ishara kwamba lina wanga, na hapakuwa na kundi lililosahau kuzima moto.

Usomaji wa namna hiyo mwalimu wa Kiingereza hawezi kuufundisha kwa hadithi na barua za kuomba kazi. Ni mwalimu wa sayansi anayejua kuwa sababu ya agizo moja huenda imeandikwa aya mbili mbele, au kuwa mchoro wa moyo hausomeki bila maelezo yaliyo chini yake.

Nilianza kuandika nikikusudia kusema kwamba walimu wote wa sayansi waagizwe kufanya vivyo hivyo. Nikiendelea kufikiri, naona agizo la namna hiyo hata mimi lingenilemea. Mwalimu wetu alitumia vipindi viwili vizima kwa ukurasa mmoja, na kila kundi lilikuwa na kitabu. Katika darasa lililofurika, huku mada za mtaala zikisubiri, ni wangapi wanaoweza? Isitoshe, mtoto huyo amesoma miaka saba kwa Kiswahili kabla ya kukutana na biolojia kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu nchini Tanzania, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, pendekezo hilo halikutekelezwa, na pengo lililobaki si haki kumwachia mwalimu wa fizikia alizibe ndani ya dakika 40.

Kwa hiyo, tofauti na nilivyoanza, nasema mwalimu wa sayansi asibebeshwe kazi hii kwa waraka kwa sasa; anayeweza na aanze na mada moja kwa muhula. Ningekuwa na msimamo mwingine iwapo Baraza la Mitihani lingeweka katika mtihani wa biolojia aya ambayo mtahiniwa hajapata kuiona, na maswali yasiyojibika bila kuisoma, kwa kuwa hapo walimu tungebadilika wenyewe. Lakini hata hilo lisitangulie vitabu, maana watakaoumia kwanza ni watoto wa shule ambako kitabu cha kiada ni kile kimoja kilichofungiwa kabatini kwa mwalimu wa taaluma.