Mleta uzi wa mabegi, anza na zipu kabla ya video

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Kwa waliochelewa kuingia: jamaa anashona mabegi ya mgongoni, amejibana mpaka amepata bajeti ya kampeni moja tu, na anauliza afanye ubunifu gani ili watu waguswe, maana posti zake zinapita kama hazipo. Kaulimbiu yake ni "Ubora usio na kifani". Chini kabisa, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, akaandika kwamba wateja kadhaa hurudisha begi kwa sababu ya zipu. Waliotangulia kuchangia wamemwambia atafute mtu maarufu, apige video ya kuchekesha, atrendi. Mimi nimeandika matangazo kwa miaka kumi na kitu, kwenye mawakala wawili tofauti, na naona jibu lake limelala kwenye ile sentensi ya zipu. Nitafika huko, lakini nitazunguka kidogo.

Waswahili hawajawahi kuyaamini matangazo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu huitumia methali hii kwa utani, ila ukiwa upande wetu wa meza ni onyo la kazi. Ukifungua tu mdomo kujisifu, anayekusikiliza ameshaanza kukushuku. Wala hana chuki na wewe. Ana shughuli zake, na ameshadanganywa na wengi kabla yako. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "watanipendaje", jiulize "kwa nini waniamini". Nilichojifunza, tena kwa kuumia, ni kwamba watu huamini maneno ambayo yamemgharimu kitu aliyeyasema.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Tuliwahi kupewa kazi na kampuni moja ya sabuni ya unga. Tukatengeneza tangazo la televisheni: bibi na mjukuu wake wanalikimbiza shuka jeupe lililochukuliwa na upepo. Linapita juu ya mapaa, linakwepa mikono yao, linanasa kwenye mti, linanasuka, na mwisho linashuka na kuwafunika wote wawili wakicheka. Tulilipenda kupita kiasi. Mkurugenzi wa masoko wa upande wa mteja alifuta machozi mle chumba cha kuhariri, nasi tukajipongeza. Likarushwa, watu wakalipenda, watoto wakawa wanaliigiza.

Baadaye nikatumwa na kalamu na fomu zangu kwenda kuwauliza wanunuzi. Mama mmoja aliniigizia tangazo lote, mpaka kile kicheko cha bibi mwishoni. Nikamuuliza, hilo ni la sabuni gani? Akaitaja bila kusita. Ilikuwa sabuni ya mshindani wetu. Wa pili, vilevile. Wa tatu akasema "ile ya siku zote", na ya siku zote ilikuwa ya mshindani. Nilirudi kwenye gari nikakaa kimya muda mrefu. Tulikuwa tumechukua pesa za mteja wetu tukamtangazia mpinzani wake, kwa sababu tangazo zuri lisilo na mwenyewe hupewa aliye mkubwa sokoni. Lile shuka lingeweza kufuliwa kwa sabuni yoyote duniani.

Tangu siku hiyo nina jaribio moja ambalo limenigombanisha na wabunifu wengi: futa jina la chapa, andika la mshindani. Kama tangazo bado linasimama, hilo si lako. "Ubora usio na kifani" linasimama kwa begi, linasimama kwa jeneza, linasimama kwa chuo cha udereva.

Sasa angalia walioliweza jambo hili. Mwaka 1962 kampuni ya Avis ya Marekani, inayokodisha magari, ilikuwa imekaa miaka 13 bila kuona faida. Mshindani wao, Hertz, alikuwa juu yao, mbali kabisa. Wakala wao wa matangazo, Doyle Dane Bernbach, hakutafuta njia ya kuficha jambo hilo. Mwandishi wao Paula Green akaliweka juu kabisa: Avis ni namba mbili tu, kwa nini basi uje kwetu? Jibu likafuata kwamba wao hujitahidi zaidi. Lakini sehemu ninayoipenda ni vitu vidogo vilivyokuja chini yake. Hawawezi kumudu kukupa gari lenye kisahani cha majivu ya sigara kilichojaa, wala tangi lililo nusu, wala vifuta kioo vilivyochoka. Wakamalizia kwamba kwenye kaunta yao foleni ni fupi. Mwaka uliofuata wakapata faida ya dola milioni 1.2.

Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya unyenyekevu. Mimi naona kitu kingine. Ukishachapisha kwamba visahani vyako vya majivu ni visafi, umemkabidhi kila mteja fimbo ya kukuchapia. Akikuta kichafu, anayo karatasi yako mkononi. Ina maana mfanyakazi wa gereji lazima akisafishe, kila gari, kila siku. Tangazo liliigharimu kampuni kazi, na msomaji akaliona hilo hata kama asingeweza kulieleza.

Wakala huyohuyo, mwaka 1960, alikuwa amefanya ujasiri mkubwa zaidi kwa Volkswagen. Picha ya gari, chini yake neno moja: limau. Kwa Wamarekani limau ni gari lililotoka kiwandani likiwa bovu, tusi kubwa kuliko yote katika biashara ya magari. Ukiingia kwenye maandishi unaelezwa kosa lenyewe: utepe wa kromu kwenye kisanduku cha mbele ya abiria una doa, kwa hiyo gari limekataliwa. Huenda wewe usingeliona, mkaguzi ameliona. Halafu inakuja hesabu: kiwanda cha Wolfsburg kina watu 3,389 ambao kazi yao ni kukagua tu, na magari yanayotoka kwa siku ni 3,000. Wakaguzi wengi kuliko magari. Hakuna mahali wanaposema neno "ubora". Wamekuonyesha doa, ubora ukajisemea wenyewe.

Linganisha na kazi niliyofanya miaka michache baada ya lile shuka, ya kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Brifu, yaani maelekezo ya mteja, ilisema: tuwaambie watu kwamba sisi ni wepesi. Nikaomba jambo ambalo wakala wangu aliliona la kupoteza muda, nikae siku tatu kwenye chumba chao cha simu, nivae vipokea sauti, nisikilize tu.

Siku ya kwanza sikupata kitu, zaidi ya maumivu ya masikio. Siku ya pili nikaanza kusikia sentensi ileile ikijirudia kwa sauti tofauti: mzigo wangu uko wapi? Mchana akapiga mzee mmoja, mpole sana. Dada wa huduma kwa wateja akaanza kumwomba radhi kwa kuchelewa, mzee akamkatiza: "Mwanangu, sisemi mmechelewa. Nasema mngeniambia, nisingeshinda hapa mlangoni na viatu miguuni." Niliiandika nyuma ya risiti, na risiti hiyo ninayo mpaka leo.

Nilirudi na pendekezo fupi: tukichelewa, utajua kabla hujauliza, usipoambiwa, hulipi usafiri. Mkuu wa fedha akaniangalia kama nimemwomba figo. Akauliza kama najua ni mizigo mingapi inachelewa kwa wiki. Sikujua. Yeye alijua, na ndiyo maana alikuwa na hofu. Kampeni ikasogezwa mbele miezi minne, wakajenga kwanza mfumo wa kutuma ujumbe wa simu na kuwafundisha madereva kuutumia. Nilinuna. Sasa naona ile miezi minne ndiyo iliyokuwa kampeni yenyewe, na mabango yalikuja kutangaza tu kwamba imefanyika.

Bango lilikuwa rahisi mno: mtu ameketi kwenye kiti karibu na mlango, amevaa viatu, anasubiri. Wiki ya kwanza mfumo ulikwama sehemu kadhaa, watu wakachelewa kuambiwa, kampuni ikawarudishia nauli zao kama ilivyoahidi. Hao waliorudishiwa ndio waliotutangaza. Walirusha picha za ule ujumbe wa kurudishiwa pesa mitandaoni wakiwaambia wenzao "kumbe ni kweli". Hakuna mwandishi wa matangazo anayeweza kuandika "kumbe ni kweli" ikaaminika. Lazima itoke kwa aliyekushuku.

Nikija kwenye ushauri wa kutafuta mtu maarufu: asifuye mvua imemnyea. Mtu anayelipwa kulisifu begi lako wiki hii, na wiki ijayo simu ya mwingine, mvua haijamnyea na watu wanajua. Sikatai kabisa, inategemea anafanya nini pale. Old Spice walimtumia mwigizaji Isaiah Mustafa mwaka 2010 na ikafana, lakini chini yake kulikuwa na jambo walilolitafiti: sabuni ya kuogea ya wanaume mara nyingi hununuliwa na wanawake. Kwa hiyo jamaa akageuka akaongea na akina mama, kwa majigambo yaliyopitiliza kiasi kwamba kila mtu alijua ni mchezo. Miezi michache baadaye wakampiga video zaidi ya 180 kwa siku chache tu, akiwajibu watu mmoja mmoja waliomwandikia. Kilichogusa ni kule kujibiwa. Wewe, mkuu, nani analipa hilo begi? Mwanafunzi anayelibeba au mzazi? Uzi wako wote hausemi.

Upande wa pili wa shilingi ni Pepsi, Aprili 2017. Walimchukua mwanamitindo Kendall Jenner, wakamweka katikati ya maandamano, akampa polisi kopo la kinywaji, ugomvi ukaisha. Waliliondoa tangazo hilo ndani ya siku moja hivi na kuomba radhi. Watu walisema tatizo ni kutokuwa na staha, na ni kweli, lakini ukiuliza Pepsi ilitoa nini kwa hao waandamanaji hupati hata senti. Ilikopa uchungu wa watu bure. Mwaka huohuo, mwezi Machi, kampuni ya uwekezaji ya State Street ilisimamisha sanamu ya msichana jasiri New York, likiwa tangazo la kutaka wanawake wengi zaidi kwenye bodi za makampuni. Ilishangiliwa duniani kote. Oktoba ikakubali kulipa dola milioni 5 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba iliwalipa wanawake na weusi wa ngazi za juu pungufu ya wenzao. Kampuni haikuyakubali madai hayo, lakini hesabu ilikuwa imeshaisuta sanamu.

Kuhusu kutrendi nitakuwa mfupi kwa sababu mada hii hunichosha. Februari 2013 umeme ulikatika kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kwa dakika 34, Oreo wakaposti papo hapo kwamba hata gizani unaweza kuchovya biskuti. Ilikuwa nzuri. Tangu hapo kila ofisi ya masoko ina mtu anayelala na simu akisubiri umeme ukatike. Wanachosahau ni kwamba Oreo ilikuwa imetumia miongo kadhaa kuwazoesha watu kuchovya. Posti ilifanya kazi kwa sababu kila mtu alishajua biskuti hiyo huliwa vipi. Chapa changa ikidandia tukio, watu hulikumbuka tukio.

Kama unataka mfano wa mtu aliyebanwa akatoka vizuri, tazama KFC Uingereza, Februari 2018. Walibadilisha msambazaji, mfumo ukavurugika, mamia ya mikahawa ikafungwa kwa kukosa kuku. Mkahawa wa kuku, hauna kuku. Walichapisha ukurasa mzima wa gazeti: ndoo yao tupu, na herufi za jina lao zimepangwa upya zikasomeka FCK, kama tusi la Kiingereza ambalo mtu huropoka anapoharibu. Chini yake, samahani. Kila mtu alikuwa ameshalitamka tusi hilo, nao wakalitamka pamoja naye.

Turudi kwako. Usiguse kamera bado. Chukua ujumbe wote wa wateja, wa kusifu na wa kulalamika, uuandike kwa mkono, maneno yao yalivyo, usisafishe lugha. Utaona sentensi moja inarudi. Kwa ulivyoandika nahisi itakuwa ya zipu, lakini nataka uione kwa maneno yao: inakwama wapi, begi likiwa na nini ndani, mtu akiwa anafanya nini. "Zipu mbovu" si kitu cha kutangazia. "Inaachia nikiwa napanda gari, vitabu vinamwagika" hicho ni kitu.

Ukishaipata, kaa na fundi wako mpige hesabu: zipu nzuri inaongeza gharama kiasi gani kwa kila begi, na ukiahidi kuibadilisha bure kwa miaka miwili utaumia kiasi gani. Hapo ndipo bajeti ya kampeni yako inapotakiwa kwenda, sehemu kubwa yake. Itakayobaki inatosha kwa picha moja: zipu ya zamani iliyokufa mezani, kando yake begi jipya, na maelezo ya nani aliikataa na kwa nini. Jaribu kufuta jina lako hapo uandike la mshindani. Haliwezi kukaa, kwa sababu yeye hajabadilisha zipu.

Kwa hiyo hili la video na mtu maarufu naliweka pembeni mpaka unijibu: zipu mnaibadilisha, au hamuibadilishi?