Jibu: Kanuni za soko kwanza, ruzuku baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama serikali ingevisaidia zaidi vyama vya ushirika kwa kuviongezea ruzuku. Kwa maoni yangu, ruzuku ni jambo la pili. La kwanza ni kanuni za soko.

Chukua kahawa. Mwanachama hufikisha matunda kiwandani, yakapimwa kwenye mizani, naye hurudi nyumbani na risiti yenye kilo tu, bila bei, kwa kuwa bei hujulikana baadaye sana, kahawa ikishakobolewa na kuuzwa mnadani hapa Nairobi. Zamani fedha za mauzo zilipitia kwa mawakala, na kila mkono ulikata chake. Mfumo wa malipo ya moja kwa moja ulioanza mwaka 2023 ndio sera ninayoisifu, kwa maana fedha za mnunuzi hugawanywa kupitia benki na fungu la kila mhusika huonekana wazi (ingawa makato ya chama chenyewe bado yanahitaji jicho la wanachama).

Tusisahau pia Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997, ambayo iliiondoa serikali katika usimamizi, baadhi ya viongozi wakajifanya wenye mali, hata ikabidi irekebishwe mwaka 2004. Kwa hiyo sitaki serikali iendeshe ushirika. Ninataka ihakikishe kwamba hesabu zinakaguliwa kila mwaka, na kwamba mkulima anayetafuta karo mwezi Januari anapata mkopo wa riba nafuu badala ya kumuuzia dalali kahawa ambayo bado iko mtini.