Tapi inanuka mkojo wa paka, na mvua ndiyo imeanza

*Barua za wasomaji wetu wa Lubumbashi, na majibu*

Jambo yaya. Tuko na paka dume ndani ya nyumba, kiangazi hiki chote alikuwa anakojolea tapi (zulia) ya saluni, yaani sebule, pembeni ya kiti kikubwa. Tukaita vijana wanaosafisha matapi, wakaja na mashine ya mvuke, wakapiga mvuke, wakapuliza manukato, nyumba ikanukia vizuri kabisa, tukalipa. Sasa mvua ya Novemba imeanza tu na harufu yote imerudi. Mume wangu anasema paka atoke lupango leo leo. Je, walitudanganya ama tapi ndiyo imekufa? (Mama wa Kampemba)

Pole sana mama. Paka mwache kwanza, tutafika kwake. Tuanze na mvua maana hiyo ndiyo inaeleza kila kitu.

Mkojo mbichi haunuki sana. Unaanza kunuka vile bakteria wanavunja ile yurea iliyo ndani, inatoka amonia, ile inayochoma pua ukifungua mlango asubuhi. Na paka ana kitu cha ziada kinaitwa felinini, dume ambaye hajahasiwa anacho kingi kuliko jike, na kikivunjika pole pole kinatoa harufu ya salfa, ndiyo maana mkojo wa paka unasumbua watu kuliko wa mbwa. Sasa maji ya mkojo yanakauka lakini chumvi zake hazikauki zikaisha, zinabaki zimekaa mule ndani. Kwetu hapa kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hewa ni kavu, zinatulia, unafikiri mambo yameisha. Mvua ikifika hewa inajaa unyevu, zile chumvi zinaunywa, na harufu inatoka upya. Hakuna mtu amekojoa tena mama, ni mkojo ule ule wa mwezi wa 7.

Wale vijana sitawaita wezi, ila walisafisha mahali macho yanaona. Tapi iko na manyoya juu, chini yake kitambaa cha mgongo na gundi, mara nyingi sponji tena, halafu sima, yaani sementi ya sakafu. Na matapi mengi tunayonunua ni ya polipropilini, aina ya plastiki, ule uzi haunywi maji, kwa hiyo mkojo unapita juu yake haraka na kwenda kukaa chini kabisa kwenye mgongo. Juu unaona doa la ukubwa wa kiganja, ukigeuza tapi unakuta limetanuka mara 2 au 3. Na mvuke ndio kitu nisingependa kabisa hapo, joto kali linaweza kushikiza doa na harufu kwenye uzi, na ule unyevu unasukuma mkojo uende chini zaidi. Manukato ni ya wiki moja, baadaye unabaki na mkojo unaonukia maua.

Fundi anayejua kazi utamtambua kabla hajafungua mashine. Anauliza ni mnyama gani, tangu lini, na mlishaweka nini juu yake. Anageuza tapi. Anazima taa na kupitisha taa ya UV, ya namna ile wanayoangalizia noti za dola, mkojo wa zamani unaonekana kama rangi ya njano-kijani hafifu (angalisho: sabuni ya unga nayo inawaka chini ya UV, lakini yenyewe inawaka buluu-nyeupe, usije ukaogopa bure). Anachora mipaka na choki. Halafu anamwaga dawa ya enzaimu, ile inayovunja mkojo wenyewe, na hapa ndipo wengi wanaharibu kazi, wanapuliza kidogo juu juu na kufuta baada ya dakika 5. Dawa lazima ifuate njia ileile ambayo mkojo ulipita, ishuke mpaka mgongoni, na ikae bado mbichi masaa mengi, unaweza kufunika na nailoni isikauke, maana enzaimu ikikauka inaacha kazi. Kisha anasuuza na maji, anafyonza na mashine ya kuvuta maji, anasuuza tena, anafyonza tena, mpaka maji yanayotoka hayana rangi wala harufu. Kazi yenyewe ni kutoa, si kufunika. Kama tapi si ya kugundisha, njia nzuri kuliko zote ni kuipeleka nje, kuilowesha yote, kuisuuza pande zote mbili na kuikausha imetundikwa, na hapo chini sima nayo isafishwe na dawa ileile, maana ukirudisha tapi safi juu ya sima inayonuka umefanya kazi ya bure.

Ikaushwe ndani ya siku moja, isizidi mbili, kama sivyo utapata ukungu, na wakati huu wa mvua hilo si jambo dogo. Ungoje siku ya jua, au umeme uwepo na feni ifanye kazi usiku kucha.

Sasa paka. Usimtoe. Dume anayepuliza mkojo ukutani na pembeni ya viti anaweka alama ya kwake, akihasiwa wengi wanaacha au wanapunguza sana. Lakini kama anachuchumaa mara nyingi, matone madogo, analia, kuna damu, huyo ni mgonjwa, na dume anayejikaza bila kutoa hata tone ni hatari ya kifo ndani ya siku moja au mbili, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Université de Lubumbashi iko na kitivo cha udaktari wa mifugo, kwa hiyo watu wa kuuliza wako hapa hapa mjini. Nyumbani muwekee sanduku la mchanga, libadilishwe kila siku, mbali na chakula chake. Wengi wanaadhibiwa bure na sanduku ndilo chafu.

Yaya, mimi nimemwaga javeli (dawa ya kung'arisha nguo) juu ya mahali mbwa alikojoa, macho yakaanza kuwasha mpaka nikatoka nje. Ni kawaida? (Kijana wa Katuba)

Hapana, na usirudie. Javeli ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi yenye sumu, ile iliyokuwasha macho, na ndani ya chumba kilichofungwa inaumiza mapafu. Fungua madirisha, suuza na maji mengi. Tena javeli inakula rangi, na kama tapi ni ya sufu inaharibu uzi wenyewe. Ile dawa ya kuua vijidudu vya sakafuni ambayo inageuka nyeupe ukiitia majini pia usiiweke, haswa kwa nyumba yenye paka, kemikali zake ni sumu kwake na yeye analamba miguu.

Tunahama nyumba ku mtaa wa Golf, moketi ya chumba imegundishwa na mbwa wetu ameharibu kona nzima. Mwenye nyumba anataka kubaki na garanti yote, ile pesa ya amana tuliyoweka. Tufanye nini? (Baba wa watoto watatu)

Baba, kata uzi mmoja mahali pasipoonekana uuchome: ukinuka nywele zilizoungua na kuwa majivu ni sufu, ukiyeyuka na kuwa kidonge ni ya plastiki. Ya plastiki unaweza kujaribu ile maji ya oksijeni (haidrojeni peroksidi) ya farmasi, ya volume 10, ambayo ni asilimia 3, lakini jaribu kwanza nyuma ya mlango, inaweza kufifisha rangi. Ya sufu mpe fundi. Halafu ukubali pia kwamba kuna doa ambalo si uchafu tena, mkojo ukikaa sana unabadilisha rangi ya uzi wenyewe na hapo hakuna dawa inayorudisha.

Kwa kona moja, ongea na mwenye nyumba kabla ya siku ya kutoka. Fundi anaweza kufungua ile kona, kutupa sponji ya chini, kusafisha sima, ikauke kabisa, kuipaka rangi ya kuziba, na kushona kipande cha moketi kilichokatwa ndani ya kabati. Piga picha kabla na baada, omba fundi aandike karatasi ya kazi aliyofanya. Garanti yote kwa kona moja ni nyingi, na ukiwa na karatasi mkononi mnazungumza vizuri.

Tumepata mtoto wa mbwa jana, ameshakojoa mara mbili. Haraka haraka tufanye nini? (Dada wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Kitambaa kikavu, kandamiza na mguu, usisugue. Badilisha kitambaa mpaka kisilowe tena. Maji baridi kidogo, kandamiza tena. Siki na maji nusu kwa nusu, kandamiza, halafu bikarbonati (baking soda) juu ikishakuwa karibu kukauka, asubuhi uifyonze au uifagie. Na mtoe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, mbwa mdogo hawezi kubana.