Mgeni wangu nampeleka dukani, si kwenye kabati la dhahabu

Swali la wiki lilikuwa hili: mgeni amekutembelea unakoishi, mna siku moja tu, utampeleka makumbusho gani na kwa nini? Mimi naishi Sacramento, California, na wageni wangu wengi hutoka Geita, mkoa wa machimbo ya dhahabu huko Tanzania, nilikozaliwa. Hao ni watu wanaoujua mwalo, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, waliozoea kulala karasha, mashine ya kusagia mawe hayo, likipiga kelele. Ukiwaonyesha jiwe la dhahabu nyuma ya kioo watauliza lina gramu ngapi, halafu watauliza choo kiko wapi.

Kwa hiyo San Francisco tunaiacha. Tunashika njia ya mashariki, kwenye vilima, mpaka barabara namba 49. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 450, na namba hiyo ni ya kuwakumbuka waliomiminika huku mwaka 1849 kusaka dhahabu. Karibu kila mji inapopita una kijumba chake cha makumbusho: hapa jela ya zamani, pale mahakama ya zamani, kwingine nyumba ya tajiri aliyekwisha kusahaulika. Vingi vinashikiliwa na wastaafu wanaojitolea. Hufunguliwa mwisho wa juma kwa saa chache, na mara nyingi kiingilio ni sanduku la mchango mlangoni.

Mgeni namwambia mapema: dhahabu usiitafute. Iliyochimbwa huku iliyeyushwa ikawa sarafu zamani, na vipande vilivyobaki kwenye makabati ni vya kufurahishia watoto wa shule. Tazama daftari za madeni, mizani, pasi za chuma, makopo ya dawa. Hizo ni mali za waliouza, waliopika na waliofua, na katika machimbo haya, ukiondoa wachache wenye bahati, hao ndio waliotoka na chochote.

Tunaanzia Coloma, kando ya mto American. Hapo ndipo James Marshall, fundi aliyekuwa akimjengea John Sutter kiwanda cha kupasulia mbao, alipookota dhahabu tarehe 24 Januari 1848. Marshall alikufa maskini mwaka 1885. Sutter naye alikimbiwa na wafanyakazi, mashamba yake yakavamiwa. Aliyetajirika ni Samuel Brannan, mwenye duka, ambaye alijaza kwanza sepetu na karai dukani kwake, ndipo akaenda San Francisco kutangaza barabarani kwamba dhahabu imeonekana. Mfanyabiashara wa kwetu akisikia habari hii hucheka sana. Anawajua watu wa namna hiyo.

Lakini mtu wa Coloma ninayependa kumsimulia ni Nancy Gooch. Alikuwa mtumwa, akaletwa huku na bwana wake kutoka Missouri wakati wa mkumbo wa dhahabu, na mwanawe Andrew akabaki nyuma utumwani. California ilipoingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1850 kama jimbo lisiloruhusu utumwa, Nancy na mumewe Peter wakawa huru. Hakushika sepetu. Aliwafulia wachimbaji nguo na kuwapikia, akiweka akiba miaka nenda rudi, mpaka mwaka 1870 akaweza kumleta Andrew na familia yake. Familia hiyo, akina Monroe, ikanunua ardhi ikalima matunda, na baadaye ikawa inamiliki hata eneo ambapo Marshall aliokota dhahabu yake, kabla ya serikali ya jimbo kulichukua kuwa hifadhi. Makaburi yao yako pale pale Coloma.

Mgeni mmoja wa kike, ambaye mama yake aliwasomesha wote kwa kuuza ubwabwa na maharage machimboni, alisimama akaisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Huyu ni mama ntilie." Ndivyo hasa.

Kutoka hapo tunashuka kusini hadi Fiddletown. Ni kijiji cha mtaa mmoja, na kwangu ndicho chenye makumbusho bora kuliko yote: duka la Chew Kee. Ni nyumba ya udongo ulioshindiliwa, kuta nene, iliyojengwa miaka ya 1850 kuwa duka la dawa za mitishamba la tabibu wa Kichina, Yee Fung Cheung. Ukiingia kutoka juani macho huchukua muda kuzoea. Chumba ni kidogo, na juani kumekuacha na jasho, ila ndani kuta zimetunza ubaridi. Kuna madroo ya dawa yaliyopangwa ukutani, mizani ya kupimia dawa, vyombo vya jikoni nyuma, na mahali pa kufanyia ibada. Vitu havikukusanywa kutoka huku na kule ili kupamba chumba. Vimebaki kwa sababu watu waliendelea kuishi humo. Mkazi wa mwisho, aliyejulikana kama Jimmy Chow, alifariki mwaka 1965.

Nikiwa hapo ndipo humweleza mgeni habari za kodi. Mwaka 1850 jimbo liliwatoza wachimbaji wa kigeni dola 20 kwa mwezi, kodi iliyowafukuza wengi wa Mexico na Chile. Ikafutwa, halafu mwaka 1852 ikarudi kwa dola 3, safari hii ikiwaangukia zaidi Wachina. Wachina wengi waliosukumwa nje ya maeneo mazuri walifanya kile kinachofanywa na kila anayenyimwa duara, yaani shimo la kuchimba: walipitia upya mchanga ambao wengine walishaudharau, au wakafungua duka. Watu wa Geita hawahitaji maelezo zaidi.

Katika mji wa Jackson hatukai sana. Migodi yake ilikuwa mikubwa. Mgodi wa Kennedy ulishuka kama mita 1,800 kwenda chini. Nje ya mji kuna magurudumu ya mbao yaliyokuwa na kimo cha mita 17 na ushee, yaliyonyanyua mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuyavusha vilima hadi kwenye bwawa, kwa kuwa ilikuwa imekatazwa kuyamwaga mitoni. Jirani yake, mgodi wa Argonaut, uliwaka moto Agosti 1922 na wanaume 47 wakafia chini, wengi wao wahamiaji. Mmoja aliandika kwenye timba, gogo la kuegemeza shimo, kwa moshi wa taa yake saa iliyokuwa na kwamba gesi inazidi. Mtu aliyewahi kushuka shimoni haulizi chochote hapo.

Nina lawama moja, na naisema kwa sababu navipenda vijumba hivi. Wenyeji wa asili hupewa kabati moja lenye vikapu, kana kwamba walisogea wenyewe kupisha wageni. Inakadiriwa kwamba walikuwa 150,000 hivi mwaka 1848. Ilipofika miaka ya 1870 walikuwa wamebaki kama 30,000, baada ya magonjwa, njaa na mauaji ya waziwazi, na sheria ya mwaka 1850 iliyoruhusu kuwatumikisha kwa nguvu. Ndiyo maana siku hiyo lazima tupite Chaw'se, karibu na Pine Grove. Huko kuna mwamba bapa wenye matundu 1,185 yaliyochimbika kwa kutwanga mbegu za mwaloni, kazi ya Wamiwok kwa vizazi na vizazi. Vinu 1,185 katika jiwe moja! Hapo mgeni anaelewa kwamba watu walikuwa na jiko lao hapa kabla hajaja mtu na karai.

Zebaki, ile ya kunasia dhahabu, nayo haimo kwenye makabati mengi, ingawa wachimbaji waliimwaga kwa wingi, na hadi leo kuna sehemu za mito na mabwawa ya huku ambako serikali inawashauri watu wapunguze kula samaki wake. Hilo nalisema kwenye gari, tukirudi, kwa sababu wengi wa wageni wangu wana ndugu wanaoichoma kwa mikono mitupu.

Kwa atakayetaka kuifuata njia hii: Chew Kee hufunguliwa siku chache na si mwaka mzima, hivyo ulizia kwanza ndipo upange siku. Duka la Monteverde huko Sutter Creek, lililofanya biashara tangu 1896 hadi 1971, nalo ni la kuomba miadi. Beba noti ndogondogo za kutia sandukuni. Na ukimkuta mzee wa mlangoni, usimkatize. Akishamaliza hotuba yake ya dhahabu, muulize bibi yake alikuwa akifanya kazi gani.