Kipimo kinasoma sifuri, mwani hauishi

Swali: Tangi langu la matumbawe ni la lita 200, lina miezi minane. Mawe yamefunikwa na mwani wa kijani mrefu kama nywele. Nitrati na fosfati, virutubisho vinavyolisha mwani, zinasoma sifuri, na kila wiki nabadilisha asilimia 20 ya maji. Tatizo liko wapi?

Jibu: Sifuri hiyo isikutulize. Mwani wenyewe unaila fosfati kabla hujaipima. Tena mawe ya chokaa huinasa na kuiachia polepole kila inapopungua majini, ndiyo maana nafuu ya kubadilisha maji haidumu.

Pima kwanza maji unayoongezea. Maji ya RO/DI (yaliyosafishwa kwa utando na resini) yasome 0 kwenye kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini; namba ikianza kupanda, badilisha resini. Kisha ng'oa mwani kwa mkono, maana hakuna dawa inayochukua nafasi ya kazi hii. Zima pampu, shika mdomo wa mpira wa kunyonyea maji sambamba na vidole vinavyong'oa, ili kila uzi utoke na maji. Kipande kinachoelea huenda kuota kwingine. Jiwe linaloweza kutoka lisugulie kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi.

Hapo ndipo konokono waingie, aina ya Turbo, watano au sita. Hula mwani mfupi. Nyuzi ndefu huzipita tu. Ukimkuta mmoja amelala chali mgeuze, wengi hawawezi kujigeuza na akioza anaurutubisha mwani uleule.

Chembechembe za kunasa fosfati (GFO) anza na nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, uzioshe mpaka maji yatoke safi. Lenga fosfati ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita, nitrati 2 hadi 10. Usikimbilie kumaliza kabisa: matumbawe nayo yanahitaji virutubisho hivi, yakivikosa hupauka.

Swali: Baada ya kuondoa fosfati, mwani wa kijani uliisha. Sasa kuna utelezi wa kahawia wenye nyuzi na viputo, mchana mwingi, usiku unapungua. Konokono wanakufa. Nizidishe kubadilisha maji?

Jibu: Hapana, simamisha. Hizo ni dalili za dinoflagellati, viumbe vidogo sana vya seli moja, na hushamiri pale virutubisho vilipokwisha. Hakikisha hivi: tia utelezi kidogo kwenye chupa ya maji ya tangi, tikisa kwa nguvu, chuja kwa karatasi ya jikoni, yaliyochujika yaache kwenye mwanga kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ndizo.

Toa GFO, pandisha nitrati hadi 5 au 10 na fosfati hadi 0.1, na uzipime kila siku kwa sababu mwanzoni zitatoweka haraka. Taa ya UV (mwanga wa urujuanimno unaoua viumbe majini) inafaa sana kwa aina za dinoflagellati zinazoelea usiku, kama Ostreopsis, maji yakivutwa kutoka tangi lenyewe. Aina nyingine, Amphidinium kubwa, hukaa mchangani na UV haiigusi. Kwa hiyo, tazama utelezi kwa darubini ujue ni aina gani kabla ya kununua taa.